Jinsi ya kusoma kitabu cha maisha ya mtu: sikiliza bibi anakohoa wapi

Mi nina steshenari Ngamiani hapa Tanga, kompyuta mbili na mashine moja ya fotokopi ambayo joto likizidi inagoma, na kazi zinazolipa kodi ya fremu ni zile zile za kila siku, CV, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha vyumba, na wasifu wa marehemu. Hiyo ya mwisho ndo imenifundisha kusoma vitabu, usicheke, ngoja nieleze.

Watu wanakuja saa mbili usiku macho yamevimba, mazishi kesho saa saba mchana, mkononi wana karatasi ya daftari aliyoandika baba mdogo mbio mbio, wananiambia dada tuwekee vizuri. Nataipu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akastaafu kwa heshima, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na moja, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Halafu shangazi anachungulia kwenye skrini anasema hapo kwenye watoto, weka sita. Kimya. Mjane anaangalia ukutani kwenye kalenda. Baba mdogo anakuna kichwa anasema dada wewe andika tu "ameacha watoto na wajukuu", namba toa. Natoa namba. Yaani dakika mbili tu maisha ya mtu yameshapindishwa nikiwa naangalia, na kidole kilichopindisha ni changu, na kesho yake kanisani watu mia tatu watasikia sentensi imenyooka kabisa wala hawatajua kwamba pale palikuwa na namba.

Sasa mtu ukishafanya hiyo kazi miaka kumi na mbili, ukishika kitabu cha maisha ya mtu mkubwa, rais, mwanamuziki, mcheza mpira, huwezi tena kukisoma kama mtoto. Wateja wanakiona kitabu kando ya kibodi wananiuliza hivi wewe kitabu kinene vile unakisomaje, si unachoka, na unajuaje kama anasema kweli. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, ndo naandika.

Njia yenyewe sikuitoa shule, niliitoa kwa bibi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mbondei wa Muheza, kafanya kazi kwenye mkonge miaka mingi, na mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili, cha kati na cha pete. Jioni anakaa nje anamenya machungwa kwa mkono huo huo, ganda linashuka refu bila kukatika, anatuhadithia. Siku hiyo niko korona (kwa wageni wa huku, korona ni mtambo wa kusaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, ulikuwa na jina lake miaka na miaka kabla ya ule ugonjwa), mwenzangu shati likanaswa, watu wote wakakimbia, mimi nikamrukia, nikamvuta, yeye akapona, vidole vyangu vikabaki kule. Hapo sisi tunapiga makelele. Na hapo hapo, kila mara, bibi anayepepeta mchele pembeni anakohoa. Kikohozi kimoja tu kikavu, kisha ungo unaendelea. Babu anajifanya hakusikia lakini hadithi inaruka mpaka hospitali.

Nishamaliza form four ndo nikagundua kile kikohozi hakikuwa mafua, sababu kilikuwa kinakuja pale pale kila siku, kwenye neno "nikamrukia".

Basi mi kitabu cha mtu nakisoma hivyo. Nasoma huku najiuliza, kama mke wake angekuwa pembeni na ungo, angekohoa wapi? Nikipapata naweka herufi K ndogo kwa penseli pembezoni mwa ukurasa. Kitabu cha maktaba huwezi kuchorachora, hapo natumia vipande vya karatasi zilizoharibika kwenye fotokopi, navichomeka. Nikimaliza kitabu narudi kusoma zile K tu. Wakati mwingine ziko tatu, wakati mwingine kitabu kina vipande vya karatasi mpaka kinafanana na jogoo.

Kuhusu kupata kitabu sitakaa sana. Maktaba ya mkoa ipo na watu wanaipita tu kama jengo la serikali, ingia. Vinavyotoka Dar mi naagiza kwa mtu, vinapakiwa kwenye basi, konda ananipigia nikafate mzigo stendi ya Kange. Bei ya kitabu kipya inauma, ndo ukweli, kwa hiyo tunanunua watu watatu kimoja na tunazungusha. Zile PDF za kuibia zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mi sizungumzii, mwenye macho anajua, ila ujue nusu yake zina kurasa zimepotea na huwezi kutofautisha mwandishi alichoficha na skana ilichokula.

Usianze na kile kinene cha mwanasiasa. Anza na chembamba, na kwa sisi wa Tanga hakuna sababu ya kwenda mbali, anza na Shaaban Robert. Kazaliwa Vibambani hapa hapa kwetu mwaka 1909, kafanya kazi ukarani forodhani Pangani, na kaandika maisha yake kwa mkono wake na kwa Kiswahili. Najua sio "cha kisasa", amefariki 1962, lakini nakiweka mwanzo kwa sababu moja. Aliandika mara mbili. Maisha Yangu kilitoka 1949, halafu akaja kuandika tena baada ya kutimiza miaka hamsini, sasa hivi vinauzwa pamoja kama kitabu kimoja. Kwa hiyo una mtu yule yule anajisimulia akiwa na nguvu zake, na anajisimulia tena jua limeanza kuinama, na wewe unaweza kulinganisha. Shuleni tulimkariri kama sanamu, mashairi yake tuliyajibia mtihani. Sasa msome akiwa mume aliyefiwa na Amina, msome polepole sehemu hiyo, afu jiulize huyu mtu mwenye maneno mengi kuliko sisi wote kaamua kuyatumia wapi na kayabania wapi. Mi sehemu niliyowekea K kwake siitaji, nenda kaweke yako.

Ukishashika kitabu cha sasa hivi, kabla hujasoma ukurasa wa kwanza nenda katikati kwenye picha. Hesabu. Nani yuko kwenye picha nyingi, nani yuko moja tu tena kasimama pembeni, nani hayupo kabisa. Kama mtu ana watoto na mtoto mmoja hana picha, huo sio uhaba wa kamera. Halafu nenda kwenye shukrani, ambako wengi wanaruka. Mle ndo utakuta jina la yule aliyemsaidia kuandika, limefichwa kwenye sentensi ya adabu kama "namshukuru fulani kwa kunisaidia kupanga mawazo yangu". Kupanga mawazo, eti. Mi napangia watu mawazo kila siku kwa shilingi elfu moja ukurasa.

Sio siri na sio dhambi. Kitabu cha Prince Harry kilichotoka 2023 kimeandikwa na J. R. Moehringer, na huyo huyo ndiye aliyemwandikia Andre Agassi yule mcheza tenisi mwaka 2009. Kwa hiyo sauti ya mtoto wa mfalme na sauti ya mcheza tenisi zimepita kwenye kalamu moja. Ukilijua hilo haimaanishi utupe kitabu, inamaanisha ukikuta sentensi tamu sana usikimbilie kusema huyu Harry kumbe ana akili ya kuandika, sema kuna fundi hapa, na fundi kashona kitambaa alicholetewa. Kitambaa ndo cha kuangalia.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, vitenzi. Kiswahili chetu kina sehemu tatu za kujifichia na mi nazijua kwa sababu nazitaipu. Ya kwanza ni ile W inayoingia ndani ya kitenzi, "makosa yalifanywa", "watu waliumizwa", "fedha zilitumiwa", mtendaji kapotea hapo umeona, yaani fedha zimeamka asubuhi zimejitumia. Ya pili ni "ilibidi". Ilibidi nihame, ilibidi nimwache, ilibidi tupunguze wafanyakazi, nani alibidisha haijulikani. Ya tatu ndo mbaya zaidi kwa sababu inapendeza, ni ile -ANA. Tulikosana. Tuliachana. Tulielewana. Mtu mmoja kampiga mwenzie kiti cha kichwa, kwenye wasifu inaandikwa "walitofautiana". Hiyo -ANA inagawa lawama nusu kwa nusu kama mkate, hata kama mmoja hakuwa na njaa. Kila ukikutana nazo punguza mwendo. Sisemi kila W ni uongo, mtu kweli anaweza kupigwa na asijue nani kampiga, lakini ukiona mwandishi kurasa mia mbili anasema nilifanya, niliamua, nilijenga, halafu ghafla ukurasa mmoja tu anaingia kwenye "ilitokea", weka K. Kwenye vitabu vya Kiingereza ujanja ni huo huo ila inabidi uusikilize kwa sikio jingine. (Nimeandika inabidi, nimejiona.)

Mfano wa kweli, na hapa nataka uwe na subira kidogo. Mzee Mwinyi alitoa kitabu chake mwaka 2021, Mzee Rukhsa (jina watu walilompa kwa kuruhusu biashara), kwa Kiswahili, alikuwa ametimiza miaka 96. Mzee Mkapa alitoa cha kwake 2019 kwa Kiingereza, akafariki mwaka uliofuata. Wote wawili walishakuwa marais, wote wana jambo linalouma. Mwinyi akiwa waziri wa mambo ya ndani watu waliokamatwa kule Shinyanga walifia mikononi mwa vyombo vya dola, yeye hakuwepo wala hakutuma, na mwaka 1977 akajiuzulu. Mkapa akiwa rais, Januari 2001, kulikuwa na maandamano Pemba na watu wakauawa, na kwenye kitabu chake kalitaja lile kuwa ni doa kwenye utawala wake. Usisome vitabu hivi ukitafuta nani mzuri nani mbaya, huo ni ugomvi wa kijiweni na hauishi. Soma uone mtu anaingiaje kwenye chumba chenye giza na anatokaje. Anaingia kwa miguu yake au anasukumwa? Anakaa kwa muda gani kabla ya kurudi kwenye barabara alizojenga? Kuna jina la hata mmoja aliyekufa? Kitenzi chake kina NI mwanzoni au kina W katikati? Mi nilisoma kurasa hizo mara tatu tatu, kuna sehemu nilimheshimu mzee zaidi ya nilivyomheshimu akiwa kwenye redio na kuna sehemu nilisikia ungo unasimama.

Kuna daftari pia. Chukua daftari la shule la kawaida, chora mstari katikati, kushoto andika mwaka na alichofanya mwenye kitabu, kulia andika mwaka huo huo kwenu kulikuwa na nini. Kama hujui uliza nyumbani. Mi nilipokuwa nasoma cha Mwinyi nilimpigia mama, nikamwambia mama shikamoo, hivi mwaka 1983 na 84 mlikuwa mnaishije, akacheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Akaniambia mwanangu tulikuwa tunafua nguo kwa majani ya mpapai. Sabuni unaisikia tu. Unapanga foleni duka la kaya tangu alfajiri unaweka jiwe lako mahali pako, unakwenda kuchota maji unarudi, jiwe lipo lakini duka limefungwa. Halafu akaja Rukhsa, vitu vikajaa, mitumba, viatu, nikavaa kiatu cha kisigino siku ya kwanza maishani. Nikaandika yote upande wa kulia. Afu akanyamaza, akasema ila ruhusa ilikuja, hela ya kununulia haikuja nayo. Hicho kikohozi cha mama yangu kimekaa kwenye daftari langu mbele ya sura nzima ya uchumi.

Lakini usidhani mama naye hakoholewi. Nilipokwenda kuchimba zaidi nikakuta kwamba ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe ilianzia kwenye bajeti ya 1984, Nyerere bado yuko ikulu, Mwinyi kaingia Novemba 1985. Mama kwenye kumbukumbu yake kavichukua vitu vyote kaviweka kwa Mwinyi, kwa sababu jina la Rukhsa linavutia kila kitu kama sumaku. Hajadanganya, ndivyo anavyokumbuka. Nilivyomwambia alisema "wewe ulikuwepo?" Sikuwepo. Kesi ikaisha.

Hapo ndo pa kutofautisha uongo na kumbukumbu, maana watu wanavichanganya sana. Kuna Mmarekani anaitwa James Frey, mwaka 2003 katoa kitabu cha maisha yake ya ulevi na madawa, kikauzwa mamilioni baada ya Oprah kukisifia, kumbe mwaka 2006 ikaja kufichuka mengine katunga. Kule jela aliposema kakaa karibu miezi mitatu alikaa masaa tu. Mpaka mchapishaji akatangaza kurudishia pesa wasomaji. Huo ni uongo, masaa hayageuki miezi kwa kusahau. Lakini kuna Tara Westover, 2018, binti aliyelelewa milimani Idaho na wazazi wasioamini shule wala hospitali, yeye kwenye kitabu chake mwenyewe kaweka maelezo kwamba tukio hili kaka zangu wanalikumbuka vingine. Yaani kamwacha bibi akohoe ndani ya kitabu, kampa na kiti. Familia yake wengine walikipinga kitabu, sawa, lakini mi mwandishi anayeniambia "hapa sina uhakika" namwamini zaidi kwenye zile sehemu anazosema ana uhakika. Ukipata wa namna hiyo hutatumia K nyingi, amekufanyia kazi yako.

Kuna kosa nimelifanya mwenyewe na nalisema ili usilirudie. Nilisoma kitabu cha tajiri mmoja, simtaji, nikakimeza kama dawa. Anaamka saa kumi alfajiri, na mimi nikaanza kuamka saa kumi alfajiri. Wiki tatu. Saa kumi alfajiri Ngamiani hakuna anayetaka fotokopi, nakaa namwangalia paka. Mchana nasinzia, nikaprinti cheti cha mtu upande mbaya wa karatasi ya gharama, nikamlipa. Baadaye nikarudi kwenye kile kitabu na penseli, nikagundua kwenye sura nzima ya "nilianza na mikono mitupu" kuna mjomba katajwa mara moja tu, kwenye nusu sentensi, aliyempa chumba cha kuishi na mtaji wa kwanza. Mjomba! Mi nilikuwa naamka saa kumi, kumbe nilichokosa ni mjomba. Kwa hiyo ukisoma vitabu vya watu waliofanikiwa tafuta mjomba kwanza, saa ya kuamka achana nayo.

Na lingine dogo. Kama Kiingereza chako ni cha kusukuma kama changu usione aibu, kitabu cha Mkapa nilikisoma miezi minne, kurasa tano tano kati ya mteja na mteja, neno nisilolijua nalipigia mstari na siangalii kamusi mpaka likija mara ya tatu. Likija mara ya tatu ujue analipenda, na maneno anayoyapenda mtu yana habari.

Usisome peke yako ukiweza. Mbele ya fremu yangu jioni anakaa muuza kahawa, mabenchi mawili, wazee na baiskeli zao, na yuko mwalimu mstaafu mmoja ambaye kila nikitoka na kitabu ananiuliza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Huyo leo anajisifu nini?"

Nikimwambia amefika sura ya ndoa yake, anavuta kikombe anasema "soma". Nasoma kwa sauti. Wazee wanasikiliza wametulia, kashata inatafunwa taratibu. Wale wazee hawajasoma vitabu vingi lakini wameoa, wameachwa, wamezika, wamepelekana mahakamani kwa ajili ya minazi mitatu, na hawa ndo wasomaji wakali kuliko wote niliowahi kuwaona. Siku moja nasoma mwandishi anasema "mke wangu aliridhia niende masomoni miaka mitatu", mzee mmoja ambaye nilidhani kalala akasema bila kufungua macho, "aliulizwa?" Benchi zima likaguna. Nikatoa penseli pale pale nikaweka K kubwa, haijafutika mpaka leo.

Babu alifariki msimu wa machungwa. Nikafunga ofisi nikaenda Muheza na laptopu, maana ilikuwa wazi nani ataandika wasifu. Usiku baba mdogo kakaa kwenye kigoda ananisomea, mi nataipu kwa mwanga wa balbu moja iliyojaa kumbikumbi, wanawake wako kwenye mkeka, bibi katikati yao kajifunika khanga mpaka puani. Alizaliwa, alibatizwa, aliajiriwa kwenye mkonge. Baba mdogo akasoma, "akiwa kazini alimwokoa mfanyakazi mwenzake aliyenaswa na mtambo wa korona, na katika tukio hilo akapoteza vidole viwili."

Bibi akakohoa.

Vidole vyangu vikasimama. Nikamwambia bibi, leo sema.

Akasema aliyelala ni babu mwenyewe. Walikesha kwenye ngoma, asubuhi kaenda kazini macho hayafunguki, akasinzia na mkono ukaenda na majani. Yule mwenzake ndo aliyemvuta. Angekuwa peke yake ungekwenda mkono mzima na bega. Akasema yule mzee yupo, yuko hai, atakuja kesho kuzika, mtamsomea hayo masikioni mwake?

Baba mdogo akauliza kwa nini siku zote hizo hukusema. Bibi akasema nilisema. Nilikuwa nasema kila siku.

Wakaanza kubishana. Shangazi anataka iandikwe aliokolewa. Baba mdogo anasema huwezi kumzika mtu kwa kumuumbua, watoto wake wote wamekua na hadithi hiyo. Mwingine anasema ruka kabisa hapo, nenda kustaafu. Ikafika saa saba za usiku, chaji inaisha, na kesho asubuhi lazima nirudi mjini kuchapa. Mwisho baba mdogo akasema andika, akiwa kazini yeye na mwenzake walinusurika kwenye ajali ya mtambo kwa kusaidiana.

Bibi hakukohoa. Hakusema kitu pia.

Nikaandika. Asubuhi nikatoa kopi themanini, na hizo sikumchaji mtu.